Je, wajua kwa nini mwalimu wa judo huanza kukufundisha kuanguka?

Anayeingia darasa la judo kwa mara ya kwanza huja na hamu ya kumpiga mtu mwereka. Mwalimu humlaza chali. Akiwa pale kwenye mkeka huambiwa abane kidevu, atazame fundo la mkanda wake, kisha apige mkeka kwa mikono yote miwili, viganja vikiangalia chini. Mara kumi, ishirini, mpaka mikono iwashe. Siku hiyo huenda asimshike mtu hata nguo.

Wajapani huita ufundi huu ukemi. Faida yake ya kwanza ni ya mwili. Asiyefunzwa akianguka hutanguliza kiganja, na uzito wote humshukia kwenye kifundo cha mkono, kiwiko au mtulinga. Kuupiga mkeka kwa mkono mzima husambaza kishindo, na kidevu kilichobanwa hukinga kisogo.

Faida ya pili, kwangu mimi, ndiyo kubwa. Mwoga wa kuanguka utamtambua kwa macho tu: amekakamaa, kainama kiunoni, mikono kainyoosha kama anayesukuma gari lililozimika. Kwa mkao huo hawezi kumwangusha yeyote, maana judo hutaka umwingie mwenzako karibu kabisa, mara nyingine umpe mgongo, na ukikosea unakwenda chini wewe. Asiyeogopa mkeka ndiye huthubutu kuingia.

Basi mwalimu humpandisha polepole: kutoka kulala hadi kuchuchumaa, kusimama, kubiringika, halafu kuangushwa na mwenzake anayemshikilia mkono wa nguo asitue kwa kishindo. Hufuata kurudiarudia kuingia bila kuangusha, ndipo randori, yaani pambano huru la mazoezi. Akiona mtu amechoka na kiganja kimeanza kutangulia tena, humrudisha nyuma, awe na mkanda wa rangi gani.

Jigoro Kano, mwasisi wa judo, hakulelewa hivyo. Alipoanza jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kupigana, mwaka 1877 kwa Hachinosuke Fukuda, jijini Tokyo, aliangushwa, akauliza mbinu ile inafanywaje. Fukuda akamwangusha tena. Akauliza tena, akaangushwa tena. Mwaka 1882 Kano alifungua Kodokan, shule yake ya judo, katika hekalu la Eisho-ji, ukumbi wa kuenea mikeka 12 tu, na yeye akapenda kueleza sababu ya kila mbinu. Mwaka uliofuata Tomita na Saigo, wanafunzi wake, walipata dan ya kwanza, daraja ambalo leo huendana na mkanda mweusi. Rangi za mikanda ya madaraja ya chini, kama njano, chungwa na kijani, zilienea baadaye kutoka Ulaya, ambako wanafunzi walitaka kuziona hatua zao kiunoni.

Ukiwahi ukumbini jioni, waweza kumkuta mwenye mkanda mweusi akipasha mwili kwa kuanguka, paa, paa, pembeni mwa mgeni aliyejiandikisha jana.