Emmy ya uandishi haimfuati mtangazaji

Wengi huamini kipindi kikishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya kipindi bora cha burudani mchanganyiko, na uandishi wake umeshinda. Sivyo. Ni tuzo mbili, kila moja na kura yake. The Daily Show, kipindi cha kejeli za habari cha mtangazaji Jon Stewart, ilitwaa ile ya kipindi mara 10 mfululizo, 2003 hadi 2012. Lakini mwaka 2007 ya uandishi ilikwenda kwa Late Night, kipindi cha usiku cha Conan O'Brien, na 2008 kwa The Colbert Report, kipindi cha Stephen Colbert.

Wala tuzo ya uandishi si ya mtangazaji peke yake: uteuzi hutaja kundi zima la waandishi, mmoja mmoja kwa jina. Majina hayo yastahili kusomwa. Ndio waliotunga vichekesho tunavyovicheka.