Chakula kamili cha mbwa, na maana ya kulisha kwa zamu

Ukiingia duka la pembejeo pale Mwanjelwa, chakula cha mbwa utakikuta kati ya pumba za kuku na mawe ya chumvi ya ng'ombe, mfuko wa kilo 20 umefunguliwa mdomo na kopo limechomekwa ndani. Anayetaka kilo 2 anapimiwa kilo 2. Majuzi nilimsikia kijana akiuliza, "Dada, hiki cha wakubwa au cha watoto?" Akajibiwa, "Mbwa ni mbwa, kaka." Akalipa, akaondoka na kifuko chake cha khaki kisicho na neno hata moja.

Maneno aliyoyakosa yalibaki nyuma ya mfuko mkubwa, na la kwanza kati ya hayo ni "kamili". Chakula kamili si chakula kitamu wala cha bei mbaya. Ni kile ambacho mbwa anaweza kukila peke yake kila siku, na maji tu pembeni, asipungukiwe kirutubisho chochote. Viwango vinavyotumika zaidi ni vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, na FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani la Ulaya. Kwa AAFCO, ukiondoa maji yote, chakula cha mbwa mkubwa kisipungue protini asilimia 18, na cha mtoto au jike mwenye mimba au anayenyonyesha kisipungue asilimia 22.5. Mafuta ni 5.5 kwa mkubwa na 8.5 kwa mtoto.

Kwa kuwa mifuko mingi imeandikwa Kiingereza, angalia neno "complete". Kuna ndugu yake, "complementary", wanaofanana kwa sura na kupishana kabisa kwa maana: huyo wa pili ni chakula cha nyongeza, kitoweo cha kuchanganya na kingine. Nimeona mtu akilisha mkebe wa aina hiyo mwezi mzima akidhani amempa mbwa wake cha daraja la juu.

Mikebe nayo inadanganya macho. Imeandikwa protini asilimia 8, mfuko wa kibble, yaani chakula kikavu cha punje, umeandikwa 22, na mnunuzi anaona mkebe hauna kitu. Lakini mkebe una maji kama asilimia 78. Yatoe, zinabaki sehemu 22 za chakula chenyewe, na 8 kati ya 22 ni kama asilimia 36. Kibble ina maji kama asilimia 10, kwa hiyo ile 22 yake inakuwa 24 na kidogo. Hesabu hiyo unaimaliza ukiwa bado kwenye foleni ya kulipa.

Kwa watoto mambo ni mazito zaidi, hasa wa mbegu kubwa kama jamani shepadi, ambao huku kwetu kila mwenye geti anawataka. Mbwa mtoto, hasa kabla ya miezi 6, hawezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini kupitia utumbo kama anavyoweza mkubwa. Ikija nyingi, inaingia nyingi. Mifupa inakomaa vibaya, miguu inapinda, mbwa anachechemea. Ndiyo maana AAFCO imeweka kikomo cha kalsiamu cha asilimia 1.8 kwa chakula cha watoto watakaofika kilo 32 na zaidi. Sasa mwenzetu ana mfuko mzuri wa watoto, lakini juu yake anamwagia kijiko cha unga wa mifupa wa kuku "ili awe na nguvu". Chakula kilikuwa kimeshapimwa. Kijiko hicho ndicho kinachokiharibu.

Ugali nao ni hivyohivyo. Mbwa wa ugali na dagaa wapo tele Uyole hadi Mafinga, na wanabweka vizuri tu. Ila ukijaza nusu ya bakuli ugali na nusu kibble, hicho si chakula kamili tena. Ziada zote kwa pamoja zisizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Na ule mchuzi wa jana wenye vitunguu mwage kwingine, maana kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Kulisha kwa zamu, basi, ni kumhamisha mbwa kutoka chakula kamili kimoja kwenda kingine, vyote vya umri wake: mfuko huu wa kuku, ujao wa samaki au ng'ombe. Kununua chochote kilichopo leo hakumo katika maana hiyo. Si lazima kufanya hivyo. Mbwa anaweza kula aina moja ya chakula kamili miaka yote akawa mzima. Faida ninayoiona mimi ni ya mji wetu: mzigo ukichelewa Mbeya, mbwa aliyezoea aina mbili hagomi kula.

Kuhama kwenyewe kunachukua kama siku 7. Siku mbili robo ya kipya, mbili nusu kwa nusu, mbili robo tatu, ya saba kipya kitupu. Mimi niliwahi kubadilisha kwa mlo mmoja, mtoto wa miezi mitatu, Julai, baridi ile ya Uyole, nikakesha na tochi na ndoo ya maji nikideki veranda. Mtoto aliyeletwa nyumbani leo aachwe kwanza na chakula cha alikotoka, wiki moja au mbili.

Kila mfuko mpya una kipimo chake. Kimoja kina kilokalori 350 kwa gramu 100, kingine 420. Bakuli lilelile la gramu 300 linakuwa na 1,050 au 1,260. Kujua kama kiasi kinamfaa, papasa mbavu: uzihisi kwa vidole bila kuzikandamiza.

Mbwa anayejikuna bila kukoma asizungushiwe vyakula. Daktari wa mifugo atataka kumpa nyama ambayo hajawahi kuila, kwa wiki kama 8, ili ajue kinachomsumbua. Ukiwa umeshamwonjesha kuku, samaki, ng'ombe na kondoo, utakuwa umemmalizia njia.

Mfuko uliofunguliwa ufungwe mdomo na uwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, hasa Tukuyu ambako mvua haijui kuaga. Kikinuka uvundo, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaua ini la mbwa, na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo yale mahindi yaliyoota ukungu tunayoyatenga "ya mbwa" nayo yaende shimoni.

Nami siku hizi bado nanunua kwa kilo. Namwomba tu muuzaji augeuze mfuko, napiga picha ya mgongo wake, pamoja na tarehe ya mwisho, kabla kopo halijazama.