Harambee ya zahanati: kabla hujamtafuta mgeni rasmi, mtafute fundi

Ikishafika mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza kujaa magrupu ya Whatsapp ya harambee, zahanati ya huku, kituo cha afya cha kule, wodi ya wazazi ya kata fulani, na sababu inaeleweka, Desemba Wachaga wanapanda kwao na kamati yoyote yenye akili inajua ile wiki kati ya Krismasi na mwaka mpya ndio hela ya mwaka mzima iko kijijini. Mimi ni fundi sanifu vifaa tiba, naishi Moshi mjini ila kazi zangu nyingi ziko juu huko, Kibosho, Old Moshi, Machame, mpaka Rombo. Mashine ikizima kwenye zahanati mimi ndio napigiwa. Kwahiyo harambee nyingi sizijui kwa picha za mgeni rasmi akikata utepe, nazijua kwa kile kilichonunuliwa, miaka miwili baadae, kikiwa kwenye stoo kimefunikwa shuka.

Niseme mapema, watu wetu wanachanga. Huo uchoyo tunaosingiziwa sijawahi kuuona kwenye harambee. Shida yangu ni moja tu, tunachangia siku ya kununua, siku za kutumia hakuna anayezichangia.

Kwa ambao hamjawahi kuona mnada wa kanisani huku kwetu: ibada ikiisha watu wanatoka nje, mnadishaji anapanda kwenye kiti, zinaanza kupita ndizi mkungu kwa mkungu, parachichi kwenye ndoo, mayai, magimbi, halafu anakuja jogoo. Jogoo anaanza na elfu kumi, anafika elfu thelathini, aliyemnunua anatoa hela afu anasema namrudisha auzwe tena, wa pili naye anamrudisha, wa tatu anamnunua anampa bibi mmoja wa mbele kabisa, na bibi naye anasema hapana mwanangu mnadisheni tu. Unakuta jogoo kaingiza laki na ushee na bado yuko palepale chini, kamba mguuni, anadonoa majani. Hiyo ni hela taslimu, iko kwenye kapu, inahesabika jioni ileile. Mimi naiheshimu kuliko kitu chochote kwenye harambee.

Ya ahadi ni habari nyingine. Mgeni rasmi anasimama, yeye na marafiki zake milioni kadhaa, vigelegele, MC anaimba, daftari la ahadi linajaa. Halafu Januari inaingia na ada za shule, na wewe mweka hazina unaanza kumpigia mtu aliyeko Mbezi Beach ambaye namba yako ameshaisevu kwa jina la "mchango usipokee". Ushauri wangu kwa kamati huwa ni bajeti ya kifaa ifuate taslimu peke yake, ahadi zifuatiliwe kabla watu hawajashuka, na zikija baadae ziende kwenye matunzo ambayo nitayaeleza hapo chini. Kuna kamati nazijua zilisaini oda kwa hela za ahadi, mpaka leo wanadaiwa na duka.

Sasa tuje kwenye kinachonunuliwa. Ukiiuliza kamati yoyote inataka nini jibu la kwanza ni ultrasaundi, la pili ni ambulensi.

Ultrasaundi ni kitu kizuri, hata shirika la afya duniani kwenye mwongozo wake wa 2016 linashauri mama mjamzito apimwe nayo angalau mara moja kabla ya wiki 24. Lakini picha inasomwa na mtu, na mtu huyo lazima awe amefundishwa, na zahanati ya kijiji mara nyingi ina mganga mmoja na manesi wawili watatu ambao siku ya kliniki hata kukaa chini hawakai. Anayejua kuisoma akihamishwa, na huwa wanahamishwa, mashine inalala. Kama kituo cha afya kina mtaalamu na kina mpango wa kumfundisha wa pili nunueni, mimi nitakuja kuifunga kwa furaha. Kwa zahanati tupu hapana.

Ambulensi mkono wangu ni mzito zaidi. Gari linataka dereva, mafuta, matairi, bima, na barabara zetu mnazijua masika zinavyokuwa. Na kuna mfumo wa m-mama, umezinduliwa kitaifa 2022, ukipiga 115 bure unaletewa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga, kama ambulensi iko mbali wanaitwa madereva wa kawaida waliosajiliwa kwenye jamii na wanalipwa kwa simu. Kamati ikitaka kusaidia usafiri, itafute watu wa kijiji wenye magari yanayofaa wakajisajili, na namba ya 115 ibandikwe mpaka kwenye grosari. Haigharimu hata jogoo mmoja.

Mnataka kujua nini hakipo? Nendeni chumba cha kujifungulia saa nane usiku. Taa ya kumulikia hakuna, mkunga anashika simu kwa mdomo. Mashine ya presha ipo ila kile kitambaa cha kufunga mkononi kimechanika, na ndio kinachoanza kufa kwenye mashine zote za presha, kinauzwa peke yake, hakuna anayejua. Mizani ya watoto imelegea springi. Ambu begi, ule mfuko wa kubinya kumpulizia hewa asiyepumua, ipo, barakoa yake ya kichanga imepotea imebaki ya mtu mzima. Hii ya ambu begi naomba nikae nayo kidogo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye hospitali 8 hapahapa Tanzania, wakunga walifundishwa kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, unamkausha, unamsisimua, asipoitika unampulizia na ambu begi ndani ya ile dakika ya kwanza, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikapungua kwa asilimia 47. Kwa mfuko wa mpira, barakoa na mafunzo ya kurudiarudia. Bila umeme, bila intaneti. Ila hakuna harambee niliyowahi kuisikia inaitwa harambee ya ambu begi.

Kuna mama mmoja mjumbe wa kamati aliniambia ukweli bila kona, "Baba, sisi tunataka kitu ambacho mgeni rasmi akikata utepe kinaonekana." Nikamwambia mama, wekeni meza ndefu, pangeni vyote juu, taa, mizani, presha tatu, ambu begi, kipima oksijeni cha kidoleni, godoro la kitanda cha kujifungulia, funikeni na kitenge kizuri, akate utepe afunue. Akacheka. Ila waliifanya hivyohivyo na picha zilitoka vizuri kuliko za firiji.

Nikitaja firiji, la chanjo ni la chanjo. Nyuzi joto 2 mpaka 8, mlango ufunguliwe mara chache. Kuna harambee moja, sisemi wapi, nilifungua firiji la chanjo nikakuta soda za meza kuu. Kila aliyefuata soda alikuwa anaingiza joto la nje kwa chanjo za surua.

Haya, matunzo. Mashine ni kama ng'ombe wa ndani, kumnunua ni siku moja, majani ni kila siku. Chukua mashine ya kuzalisha oksijeni, ile ya lita 5 ambayo kamati nyingi zilianza kuiulizia wakati wa korona. Inavuta hewa ya kawaida, inachuja naitrojeni, inatoa oksijeni ya kama asilimia 90 na kitu. Inakula umeme wa karibu wati 350 muda wote inapofanya kazi, kwahiyo ile sola ndogo ya taa haiiwezi, umeme ukikatika mgonjwa amekatika nao kama hakuna mtungi wa akiba. Ina sponji ya nje ya kuchuja vumbi inayotakiwa kuoshwa kila wiki kwa maji na sabuni na kukaushwa, kazi ya dakika kumi. Nimefungua mashine kijiji kimoja kule tambarare ambako vumbi la kiangazi ni balaa, ile sponji imekuwa nyeusi ngumu kama soli ya kiatu, ndani compresa inapumua kwa shida, mita inasoma oksijeni asilimia sitini na kitu. Inawaka, inanguruma, taa ya kijani, nesi anaamini mgonjwa anapata. Mimi hiyo naiogopa kuliko iliyokufa kabisa.

Utafiti mmoja wa 2011 uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya laki moja kwenye nchi 16 ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi, na sababu zilizotajwa ni hizihizi, watu hawakufundishwa, hakuna usimamizi wa vifaa, umeme na maji. Mimi sikuhitaji utafiti kulijua hilo ila inasaidia ukiongea na mwenyekiti wa kamati.

Kwahiyo kanuni yangu, ni yangu mwenyewe sio ya wizara: kwenye kila shilingi mia ya kifaa tengeni angalau kumi kila mwaka kwa ajili ya sipea, betri, karatasi, vitendanishi (zile dawa za kupimia za maabara) na fundi. Cha vitendanishi kiangalieni mara mbili, zipo mashine za maabara zinazouzwa bei ya kutupa au hata zinatolewa bure kwasababu zinakubali vitendanishi vya kampuni ileile tu, na hapo ndio wanapopatia hela yao. Ulizeni kipimo kimoja kinagharimu shilingi ngapi, na kama Bohari ya Dawa kanda ya hapa Moshi wanavyo, kabla ya kuuliza bei ya mashine.

Mfuko wa matunzo ukisubiri harambee ya Desemba hautakuja, kwasababu hakuna anayetaka kuchangia sponji. Nilichokiona kinafanya kazi ni kidogokidogo. Kuna kikundi cha akina mama wa vikoba huku juu, Pasaka na sikukuu nyingine wanachinja mbuzi wanauza kisusio na nyama na ndizi pale sokoni, faida yote inaenda kwenye akaunti ya zahanati ikiwa imeandikwa matunzo. Sio hela nyingi. Ila betri ya sola ikifa wananipigia wakiwa na hela mkononi, na mashine zao nyingi bado zinadunda.

Misaada ya nje nayo. Hapa Moshi na Arusha watalii wanapanda mlima, wanapenda watu, wanarudi kwao wanatuma vitu, Mungu awabariki. Ila kifaa cha Marekani kimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, hapa kwetu ni 230, ukichomeka moja kwa moja utasikia pah na harufu ya kuungua. Mwambieni rafiki yenu atume picha ya kibandiko cha nyuma kabla hajatuma kifaa. Dawa vilevile, miongozo ya shirika la afya inataka dawa ya msaada ikifika iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, tofauti na hapo mnapokea takataka na kazi ya kuziteketeza ni yenu.

Na kama harambee yenu ni ya jengo, maana tangu ule mpango wa afya ya msingi wa 2007 uliotaka zahanati kila kijiji tumezoea kupandisha boma kwa nguvu zetu, msaragambo, mawe, mchanga, halafu serikali inakuja kumalizia, basi mniite kabla ya plasta. Mafundi umeme wa kijijini wanaweka soketi moja kwa chumba, tena karibu na mlango, kama sebule ya mtu. Chumba cha kujifungulia kinataka soketi nne upande wa kitanda na mbili pale atakapowekwa mtoto, na waya wa athi uliochimbiwa kweli ardhini, sio ule unaoishia nyuma ya ukuta kwa urembo. Pia wekeni stabilaiza, umeme wetu huku juu unapanda na kushuka sana hasa ukirudi baada ya kukatika.

Ratiba ni hivi, harambee ikiwa Desemba, mwezi wa tisa au wa kumi muwe mmeshakaa na mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya zahanati, ina wawakilishi wa wananchi humohumo kwahiyo hamna haja ya kuunda kamati mpya ya kushindana nayo. Ombeni leja ya vifaa mzunguke nayo chumba kwa chumba, kipi kipo, kipi kimekufa, kipi kinatengenezeka. Mara nyingi nusu ya orodha ya kununua inafutika hapo, kwasababu kitu kipo kinataka fyuzi. Barua ya kibali ipitie kwa mtendaji na halmashauri mapema, hela iingie akaunti ya kituo na sio kwenye simu ya mtu hata kama ni mzee wa kanisa. Duka likileta bei liandike na waranti ya muda gani, nani atakuja kufundisha, kitabu cha maelezo kipo, na sipea zinapatikana Moshi au Arusha au mpaka ziagizwe. Na risiti iandikwe jina la zahanati, sio la mwenyekiti wa kamati.