Onam ni sikukuu ya nani?

Wengi wetu Afrika Mashariki tukisikia sikukuu ya Wahindi, kinachotujia kichwani ni Diwali, kwa kuwa Wahindi wengi tuliokua nao asili yao ni Gujarat. Ukifika Kerala, jimbo jembamba la kusini-magharibi mwa India, mambo ni mengine. Huko Diwali haina kishindo. Sikukuu kubwa ni Onam, na kusema ni ya dini gani kunahitaji maelezo kidogo.

Onam huwa mwezi wa Chingam, mwezi wa kwanza wa kalenda ya Wamalayali, yaani wenyeji wa Kerala, nao huangukia kati ya mwishoni mwa Agosti na katikati ya Septemba. Mvua kubwa imepungua, Karkidakam, mwezi wa ukata, umekwisha, na mpunga uko ghalani. Shamrashamra huanza siku ya Atham na kufikia kilele siku ya kumi, Thiruvonam.

Kisa chenyewe ni cha Mahabali, mfalme wa asura, viumbe ambao katika masimulizi ya Kihindu aghalabu ni maadui wa miungu. Lakini huyu alitawala kwa haki: hapakuwa na maskini wala wa kupunja mizani. Miungu wakaingiwa na wivu. Vishnu, mmoja wa miungu wakuu, akajigeuza Vamana, Mbrahmani (mtu wa tabaka la makuhani) mfupi kama mtoto, akaenda kuomba ardhi ya hatua tatu tu. Mfalme akakubali. Mfupi akarefuka papo hapo, hatua ya kwanza ikaenea dunia nzima, ya pili mbingu, ya tatu ikakosa pa kukanyaga. Ahadi ni deni. Mahabali akainamisha kichwa chake kikanyagwe, akadidimizwa kuzimu. Aliloachiwa ni ruhusa ya kurudi kuwaona watu wake mara moja kwa mwaka, na siku hiyo ndiyo Onam.

Yaani anayesubiriwa ni aliyeshindwa. Vamana naye anaheshimiwa, ana hekalu lake mashuhuri Thrikkakara, karibu na Kochi. Ila mapambo ya maua yanayotandazwa uani ni ya kumpokea mfalme. Mwaka 2016 Amit Shah, wakati huo mwenyekiti wa BJP, chama tawala cha India, alitoa salamu za kuzaliwa kwa Vamana Onam ilipokaribia. Watu wengi wa Kerala walimjia juu.

Nadhani hapa ndipo siri ya Onam ilipo. Mfalme mwema hahitaji kuabudiwa ili akumbukwe, kwa hiyo mlango uko wazi kwa wengine. Kwa sensa ya 2011, Wahindu Kerala walikuwa asilimia 54.7, Waislamu 26.6 na Wakristo 18.4. Katika msafara wa Atham wa Thrippunithura, uliokuwa wa mfalme wa Kochi, desturi inawataja wageni watatu wa heshima: sharifu wa Kiislamu wa Nettoor, kasisi wa Karingachira na mkuu wa wavuvi wa Chembu. Si kwamba wote wameridhika. Wapo masheikh na wachungaji wanaowakataza waumini wao, na ubishi huo hurudi mara kwa mara.

Pasipo na ubishi ni kwenye chakula. Sadya, karamu ya Onam, hupakuliwa juu ya jani la mgomba, ncha nyembamba ikielekea kushoto kwa mlaji. Juu ya jani huanza vidogo: chumvi, chipsi za ndizi, achari, mchuzi mzito wa tangawizi na ukwaju. Kisha mboga, nyingi zikiwa na nazi. Avial ni mboga mchanganyiko zilizopikwa kwa nazi iliyosagwa na mtindi, na mtu wa Pwani angeielewa kwa tonge la kwanza. Wali huja na dengu na samli, halafu sambar, mchuzi wa dengu na mboga, na mwisho payasam, uji mtamu ambao wengine huuponda na papadi na ndizi mbivu. Huliwa kwa mkono. Ukimaliza, unakunja jani kuelekea kwako. Kwa kawaida hakuna nyama, ingawa kaskazini, upande wa Malabar, nyumba nyingi hazioni Onam bila samaki au kuku.

Mengine ni ya kutazama. Aranmula kuna mashindano ya mashua ndefu kwenye mto Pampa, wapiga makasia wakiimba. Thrissur, siku mbili baada ya Thiruvonam, wanaume wenye vitambi hupakwa rangi za chui milia na kucheza barabarani, na kitambi kikubwa ndicho kinachoshangiliwa.

Waswahili walioko Muscat au Dubai huenda wameshakula sadya kazini, maana Wamalayali wamejaa Ghuba. Huko kila chama na kila kanisa lao hutafuta wikiendi yake na ukumbi wake, kwa hiyo ukialikwa Onam mwezi wa Oktoba, usidhani mwaliko umechelewa.