Presha haileti bagi ya kwanza, inaleta ya pili

Kuna dogo yuko fildi ofisini kwetu hapa Njiro, Arusha, juzi tunakula chips mayai akaniuliza kaka we presha ya hii kazi unaiwezaje, mi bosi akituma meseji saa 4 usiku tumbo linakata. Nikacheka kwanza, maana na mimi lilikuwa linakata hivyohivyo. Halafu nikaona ngoja niandike kabisa, machalii wa Chuga wanaoandika kodi (za kompyuta, sio ya nyumba wala ya serikali) siku hizi ni wengi na hili swali naulizwa sana.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natunza mfumo wa bukingi wa kampuni moja ya utalii hapa mjini. Mwezi wa 7, msimu umechanganya, magari yote yako porini. Jioni moja dereva mmoja mzee ananipigia toka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, shikamoo hata haijaisha akanikatisha, "Mwanangu, abiria wametoka wote hadi marubani, mi bado nimeshika kibao, wageni wangu wako wapi?" Naangalia orodha ya madereva imeandika tarehe 14. Naangalia fomu ya afisa aliyepokea bukingi, 15. Kesho yake.

Kilichotokea ni hivi. Sisi huku tuko masaa 3 mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo seva nyingi zinaitumia. Siku mbili kabla nilikuwa nimebadilisha kalenda ya kwenye fomu, sasa afisa akibonyeza tarehe 15, JavaScript (lugha niliyoandikia hiyo kodi) inaihesabu kuwa ni tarehe 15 saa 6 kamili usiku ya hapa kwetu, mi nikaipitisha kwenye toISOString, amri ambayo kazi yake ni kurudisha kila kitu UTC, ikawa tarehe 14 saa 3 usiku, halafu kwa kujiamini kabisa nikakata saa nikabakiza tarehe tu. Masaa 3 yakala siku nzima. (JavaScript hiyohiyo inaanza kuhesabu miezi na sifuri, Januari ni 0, kwahiyo usije ukadhani ni wewe tu unayechanganyikiwa.)

Hiyo ndo bagi (kosa kwenye kodi) ya kwanza, na kusema ukweli ilikuwa ndogo, mafuta ya kwenda KIA na kurudi na mzee kanuna basi. Shida ni dakika 20 zilizofuata. Grupu la WhatsApp la ofisi limewaka, meneja anaandika "developa yuko wapi", mwingine anatuma alama za kuuliza tupu, mi nimekaa kitandani na laptopu jasho linanitoka, nikaingia moja kwa moja kwenye databesi ya kazini nikaandika mstari mmoja, ongeza siku 1 kwenye bukingi zote. Zote! Kumbe zilizoingizwa kabla ya kalenda mpya zilikuwa sahihi. Sasa hizo ndo zikasogea mbele, yaani mwanzo dereva alikuwa anamsubiri mgeni, sasa mgeni ndo atamsubiri dereva, usiku, nchi ya watu, na mabegi yake.

Nikampigia kaka mmoja wa Moshi aliyenitangulia sana kwenye hii kazi. Hakuniuliza habari ya kodi hata kidogo. Akauliza, "Zilizoharibika ni ngapi?" Sijahesabu. "Basi toa mkono kwenye kibodi." Tukahesabu, zilikuwa 23. Mi nilikuwa nimegusa zaidi ya 400. Tukarudisha bakapu (nakala ya akiba) ya usiku wa jana yake, zenye kosa tukazisahihisha, za siku hiyo tukaingiza kwa mkono, mpaka saa 9 usiku.

Toka hapo presha ikija nafanya kama fundi bomba, nafunga koki kwanza. Siku ile ilitosha nirudishe kalenda ya zamani, na kwa Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi) hiyo ni amri moja, halafu nipumue ndo nihesabu madhara. Na bosi simwambii tena "nalishughulikia", hiyo kauli haina maana, baada ya dakika 5 anarudi. Namwambia saa 3 na nusu nakupa jibu, hata kama jibu ni bado sijaipata. Anakuachia aisee, kinachomtesa ni kutokujua.

Upande wa kujifunza, mi nina kaunta buku. Ndio, la karatasi, umeme ukikatika lenyewe linasomeka. Kila bagi inayonitesa naandika nilidhani nini na ukweli ni upi, halafu naandika testi (kodi fupi ya kupima kodi nyingine) inayofeli kwa bagi hiyo kabla sijaitengeneza. Ile ya tarehe ilinifundisha kuwa siku ya mgeni kufika haina saa, inatakiwa ikae kama tarehe tupu kwenye databesi, na saa ya ndege ikiwepo inaandikwa na eneo lake la saa, na kwenye orodha ya maeneo hayo Arusha hutaiona, unaandika Africa/Dar_es_Salaam. Bagi nyingine ikanifundisha git bisect, amri ya Git inayokata historia nusu kwa nusu, mabadiliko 1000 unampata mkosaji kwa hatua kama 10. Kozi za mtandaoni nimelipia nyingi tu, nilizomaliza mbili, na sikumbuki zilisema nini. Za kwenye daftari sijasahau hata moja.

Dogo kaniuliza yule mzee yuko wapi siku hizi. Bado anaendesha. Na kila akipangiwa kwenda KIA lazima anipigie siku moja kabla, "Mwanangu, hiyo kesho yako ni kesho kweli?"