Upangaji wa kazi za wakati halisi kwenye kompyuta ya viini vingi

Kompyuta inayochunga presha ya gesi kwenye mtambo kama ule wa Madimba, Mtwara, haipimwi kwa kasi tu. Inapimwa kwa kutochelewa. Ikitakiwa isome presha na kuamua kuhusu vali ndani ya milisekunde 10, jibu sahihi likija ya 12 halina kazi tena. Hiyo ndiyo kazi ya wakati halisi: ina ukomo wa muda. Kupanga ni kuamua ipi ishike kichakataji sasa na ipi ingoje.

Kwenye kiini kimoja, yaani sehemu ya kichakataji inayotenda kazi moja kwa wakati, suala hili lina jibu la siku nyingi. Mwaka 1973 watafiti Liu na Layland walionyesha kuwa kazi zinazojirudia, zisizotegemeana na zinazoweza kukatizwa, kila moja ukomo wake ukiwa ni pale inaporudi tena, zote zitawahi ukitanguliza yenye ukomo wa karibu, mradi mzigo, yaani sehemu ya muda wa kiini inayohitajika na kazi zote, usizidi asilimia 100.

Ongeza kiini cha pili uone. Chukua kazi mbili ndogo, kila moja milisekunde 2 katika kila 10, na moja nzito ya milisekunde 10 yenye ukomo wa 11. Zikianza pamoja, ndogo zinatangulia kwa kuwa ukomo wao, wa 10, uko karibu zaidi, na zinashika viini vyote viwili. Nzito inaanza ya 2, inamaliza ya 12. Imechelewa, na kiini kimoja kimekaa bure milisekunde 8! Ingepewa kiini chake, ndogo zikabanana kwenye kingine, zote zingewahi.

Hata hivyo kumbukumbu bado ni moja. Ni ghala la korosho lenye wachukuzi wanne na mzani mmoja: ukiongeza wachukuzi, umeongeza foleni. Viini vikiomba data kwa mpigo, vingine vinangoja njia. Kwenye kache ya pamoja, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na viini, data ya mmoja inasukumwa nje na ya mwenzake. Kwa hiyo kazi uliyoipima ikiwa peke yake inarefuka wenzake wakiwashwa, bila msimbo wake kuguswa. Anayepima wastani anajidanganya. Kinachohesabiwa ni muda mbaya kuliko yote.

Halafu kuna makufuli ya kulinda data ya pamoja, ili kazi moja tu iiguse kwa wakati. Kazi ya kiini cha kwanza inaweza kukwama kwa sababu kufuli limeshikwa na kazi ya kipaumbele cha chini ya kiini cha pili, nayo imekatizwa huko na shughuli nyingine kabisa. Ndiyo maana baadhi ya mifumo humpandisha anayeshika kufuli kama hilo juu ya kazi zote za kawaida za kiini chake, hadi aliachie.