Kwa nini rubani hurudia kila anachoambiwa, na benki humlazimisha mtu kwenda likizo?

Anayehama fani moja kwenda nyingine hushangazwa kwanza na nani anaruhusiwa kumkatiza nani. Watu hupenda kueleza tofauti hiyo kwa hulka: wapishi wana hasira, watu wa benki wana shaka, watengeneza programu hawajali vyeo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mwenendo wa kazini hutokana zaidi na mambo matatu: kosa huchukua muda gani kuonekana, kama linaweza kurudishwa nyuma, na ni nani anayeumia.

Tuanze na marubani, kwa sababu ndio waliolipa ada kubwa kuliko wote. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana ndani ya ukungu kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, watu 583 wakafa. Wakati ndege ya KLM, shirika la Uholanzi, ikishika kasi, mhandisi wake aliuliza kama ile nyingine, ya shirika la Pan American, ilikuwa haijatoka njiani. Rubani mkuu, aliyekuwa pia mwalimu wa marubani wenzake, alijibu kwamba imetoka, na hakuna aliyebisha tena. Desemba 1978, ndege ya shirika la United iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, huku rubani mkuu akihangaika na hitilafu ya magurudumu. Wenzake walikuwa wametaja mafuta, ila kwa lugha ya kudokeza. Watu 10 walikufa.

Kuanzia 1981 United ilianza kuwafundisha marubani kusikilizana: mdogo aseme wazi, na mkubwa aitikie. Leo rubani akipewa mwinuko, uelekeo au ruhusa ya kuingia njia ya kurukia, huirudia kwa sauti, na mwongoza ndege husikiliza kama amekosea. Nchini Marekani, chini ya futi 10,000 mazungumzo yasiyohusu urushaji yamepigwa marufuku. Huko pia, tangu 1976 rubani anaweza kuripoti kosa lake kwa NASA badala ya kwa mamlaka inayomwadhibu. Akifanya hivyo ndani ya siku 10, na kosa halikuwa la kusudi, jinai wala ajali, kwa kawaida hunusurika adhabu. Bila kinga hiyo makosa yangefichwa, na kosa lililofichwa huua mara ya pili.

Jikoni mwa mgahawa mambo ni tofauti. Nyama iliyoungua huonekana baada ya dakika chache, hutupwa, nyingine huwekwa motoni. Hakuna wa kuandika ripoti. Mpishi mkuu hutangaza oda, mpishi wa kila kituo cha kupikia huitikia, na anayepita nyuma ya mwenzake akiwa na sufuria ya moto hupaza sauti ili asigongwe. Mgawanyo huo wa vituo ulipangwa na Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19, kwa mfano wa jeshi. Kuitikia kwa sauti kunahitajika kweli. Matusi ni mazoea tu, maana hayaivishi chakula mapema.

Watengeneza programu za mtandaoni hujaribu na kuvunja kwa sababu toleo bovu linaweza kuondolewa kwa dakika chache. Mpe mtu yuleyule programu ya kuendesha ndege: kila sharti lazima lionyeshwe lilipo kwenye msimbo na lilipimwa kwa jaribio gani, na badiliko dogo hupitia wakaguzi. Mtu hajabadilika, ila njia ya kurudi nyuma imefungwa.

Benki ina tatizo la aina yake: kosa lake, au wizi wake, linaweza kukaa miaka bila kuonekana. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka mwaka 1995 baada ya Nick Leeson, mfanyabiashara wake wa Singapore, kuficha hasara iliyofika pauni milioni 827. Aliweza kwa sababu yeye ndiye aliyefanya biashara, na yeye ndiye aliyesimamia ofisi iliyoikagua. Ndiyo maana mabenki hutenganisha anayeanzisha muamala na anayeuidhinisha, na mengi hulazimisha likizo ya wiki mbili mfululizo. Udanganyifu mwingi huhitaji kutunzwa kila siku. Mwenyewe akiondoka na mwingine akishika hesabu, hujitokeza. Likizo ya siku tatu tatu haifai, wala ile ambayo mhusika bado anaingia kwenye mfumo akiwa nyumbani.

Penye ugumu hasa ni chumba cha upasuaji. Rubani yumo ndani ya ndege anayoirusha; mpasuaji hayumo mezani. Tena mgonjwa akizidiwa, ni rahisi kusema ugonjwa ulikuwa mkubwa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayosomwa mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kupasua, na kabla hajatolewa chumbani. Katika hospitali 8 zilizoijaribu, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini jimbo la Ontario, Kanada, lilipozitaka hospitali zake kuitumia, utafiti wa 2014 katika hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo.

Orodha ilikuwa na lengo lilelile. Kinachoharibika mara nyingi ni kwamba visanduku huwekwa alama mtu mmoja akiwa pembeni, mpasuaji bado ananawa. Kipengele kinachopuuzwa upesi ni kile cha kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu, kwa kuwa huonekana cha kitoto. Kumbe hapo ndipo muuguzi husema neno lake la kwanza, na aliyekwisha kusema mara moja huona wepesi zaidi kusema tena pamba za upasuaji zikipungua kwenye hesabu.